Asili ya Jina la Bunduki ya .275 Rigby

Katika bunduki nyepesi zilizotumiwa na wawindaji wa zamani wa Afrika ya Mashariki, mojawapo iliyosifiwa sana ni .275 Rigby. Mtu alisomapo jina hilo huweza kudhani kuwa ni kazi ya Waingereza tangu mwanzo. Lakini sivyo, asili yake ni Ujerumani.

Risasi yake ilibuniwa na kampuni ya Mauser, ya mji wa Oberndorf, katika mwaka 1892. Wajerumani waliiita 7x57, maana tundu la mtutu lina upana wa milimita 7, na ganda la risasi lina urefu wa milimita 57. Makaburu waliitumia sana katika vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902.

Kampuni ya John Rigby, ya London, ilikuwa wakala wa Mauser katika Uingereza, nayo ikaunda bunduki za kuwindia za namna hiyo. Wanunuzi wake walizoea kupima kwa inchi. Ukiigawanya inchi moja katika sehemu 1,000, milimita 7 ni kadiri ya sehemu 275. Ndipo lilipotoka jina la .275. Ganda halikubadilika, lililobadilika ni jina tu.

W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda ndovu huko Karamoja, Uganda, tangu mwaka 1902, aliitumia sana. Hakutegemea ukubwa wa risasi, bali shabaha yake ya kulenga ubongo. Jim Corbett alitunukiwa moja kwa kumwua chui mwenye milia aliyekuwa akila watu huko Champawat, India, mwaka 1907. Mzee huyo alihamia Nyeri mwaka 1947, akafariki huko mwaka 1955.

Lakini yafaa kujihadhari. Kampuni ya Holland & Holland nayo ilitoa risasi yake iitwayo .275 Magnum mwaka 1912. Ganda lake ni refu zaidi, tena lina mshipi karibu na kitako. Tarakimu ni zile zile, lakini risasi ni mbalimbali, na risasi isiyo yake ikipigwa katika bunduki huweza kumdhuru mpigaji.

Basi kila mwenye bunduki halali na asome jina zima lililochorwa juu ya mtutu, alilinganishe na lile lililo kwenye kitako cha ganda, wala asiamini tarakimu peke yake.