Kuunga Ordinateri ya Kwanza kwa Feza Kidogo



Wengi wanatuuliza: njia gani ni bora, kununua ordinateri ya mezani iliyo tayari katika magazini, ao kununua vipande na kuviunga sisi wenyewe? Kwa mtu wa feza kidogo lakini mwenye uvumilivu, kuunga ni vizuri, kwani kipande kikiharibika kinabadilishwa peke yake, wala mashini nzima haitupwi. Lakini kuko masharti. Feza iliyokusanywa kwa miezi mingi inaweza kupotea kwa siku moja, kama vipande havipatani. Basi tueleze taratibu.

1. Kazi kwanza, vipande nyuma

Mbele ya kuuliza bei, tujiulize: mashini hii itafanya kazi gani? Kuandika barua na mafundisho, kutunza hesabu na vitabu vya ubatizo, kusoma habari kwa intaneti: kazi hizo hazidai nguvu nyingi. Kutengeneza filme kunadai zaidi. Anayenunua nguvu asizozitumia ni sawa na mtu anayekodi lori kwa kubeba kikapu kimoja cha mihogo.

2. Prosesa na kadi-mama

Prosesa ndiyo akili ya mashini, nayo kadi-mama ni ubao unaounganisha vipande vyote. Hizo mbili sherti zichaguliwe pamoja, kwa sababu kila prosesa ina kiti chake. Prosesa za AMD zina kiti AM4, kilichotoka mwaka 2016, na kiti AM5, cha mwaka 2022. Prosesa ya kiti kimoja haiingii katika kingine. Kwa Intel kuko kiti LGA1700, cha mwaka 2021, na vingine tena.

Memori vilevile inafuata kiti. AM4 inapokea DDR4 tu. AM5 inapokea DDR5 tu. LGA1700 inapokea moja ya hizo mbili, kadiri ya kadi-mama yenyewe. Pengo la memori ya DDR4 halilingani na lile la DDR5, kwa hiyo ikikataa kuingia, usiilazimishe.

Pengine mtu atauliza: na picha za ekrani zinatoka wapi? Prosesa nyingine zina sehemu ya picha ndani yao, nyingine hazina. Ryzen 5 5600G inayo. Ryzen 5 5600, bila herufi G, haina. Kwa Intel, jina likiisha kwa herufi F, sehemu hiyo haimo. Kwa sababu ya herufi moja tu ekrani itabaki nyeusi, mpaka ununue kadi ya picha, nayo ni feza nyingi. Basi mwenye mfuko mdogo achague prosesa yenye picha ndani.

3. Memori na diski

Kwa kuanza, memori ya GB 8 inatosha kwa kazi ya kuandika. GB 16 ni bora. Vipande viwili vilivyo sawa vinafanya kazi upesi kuliko kimoja chenye ukubwa uleule, zaidi sana kama picha zinatoka katika prosesa. Ukinunua kimoja leo, chagua kadi-mama yenye nafasi ya pili kusudi uongeze kesho.

Kwa diski, tunashauri SSD, hata ya GB 256. Haina kitu kinachozunguka ndani, na mashini inaamka upesi sana. Diski ya zamani inayozunguka inafaa kwa kutunza nakala.

4. Alimentasio

Hapa wengi wanadanganyika. Alimentasio ni kisanduku kinachopokea umeme wa volti 220 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3,3 kwa vipande vyote. Kwa kuwa haionekani na haiongezi upesi, watu wanatafuta ile ya bei ndogo kabisa. Lakini kwetu Kongo umeme unakatika na kurudi kwa nguvu. Alimentasio mbaya ikiungua inaweza kuunguza pamoja nayo kadi-mama na diski, na maandishi ya miaka mingi yanapotea. Kwa mashini isiyo na kadi ya picha, wati 400 ao 500 za kweli zinatosha. Tazama pia nyuma yake: nyingine zina kitufe cha 115 na 230. Kwetu sherti kiwe kwenye 230, la sivyo itaungua mara ya kwanza ya kuiwasha. Ukiweza, ongeza onduleri, kusudi umeme ukikatika upate dakika chache za kufunga kazi yako vizuri.

5. Sanduku na vipande vya okazio

Sanduku lisitafutwe kwa uzuri. Tazama tu kama kadi-mama inaenea: ile ya micro-ATX ina kipimo cha milimetri 244 kwa 244, na ile ya ATX 305 kwa 244.

Je, vipande vya okazio vinafaa? Prosesa, memori na sanduku vinafaa, kama umeviona vikifanya kazi. Alimentasio na diski, ununue mpya. Angalia pia umri wa prosesa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo mbele ya kizazi cha 8. Kwa mashini ya zamani kuko Linux, isiyolipishwa, pamoja na LibreOffice kwa kuandika.

Kwa kumaliza

Fundi wa nguo anapima kwanza, halafu anakata. Vivyo hivyo, mbele ya kulipa franka moja, andika katika karatasi mambo matano: kiti cha prosesa, aina ya memori, mahali picha zinapotoka, wati za alimentasio, kipimo cha sanduku. Uonyeshe karatasi hiyo kwa mtu anayejua. Jambo moja lisipopatana na mengine, rudisha feza mfukoni na ungoje. Siku ya kuunga, ondoa kamba ya umeme, gusa chuma cha sanduku kwanza, tena fanya kazi polepole. Mashini iliyochaguliwa hivyo haitakuwa ya kujivunia mbele ya watu, lakini itafanya kazi kwa miaka mingi.