Shingo Inayokua na Ukanda Usiokua

Mtoto wa mbwa wa jamii ya Yorkshire Terrier au Chihuahua huzaliwa akiwa na uzito usiofikia robo kilo, na akikomaa hufikia kilo 2 au 3 hivi. Sehemu kubwa ya ukuaji huo hukamilika katika miezi 8 hadi 10 ya mwanzo. Kwa hiyo ukanda unaomfaa leo waweza kuwa kitanzi baada ya wiki chache. Madaktari wa mifugo huletewa vilebu ambao ukanda wa shingo umekwisha kuzama nyamani, ngozi ikaota juu yake na kidonda kikaanza kunuka, ilhali mwenye mbwa hakuona lolote kwa sababu ya manyoya. Aghalabu mbwa hao hawakufungwa na watu wakatili. Walifungwa mara moja, kisha ukanda ukasahauliwa.

Jicho hudanganyika kwa sababu ya kihesabati. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14. Shingo yenye kipenyo cha sentimita 5 ina mzingo wa sentimita 15.7. Kipenyo kikiongezeka kwa sentimita 1 tu, mzingo huwa sentimita 18.8. Basi ile nafasi ya sentimita 2 iliyoachwa siku ya kwanza imekwisha kumezwa, na ukanda umeanza kubana. Shingo ya kilebu ipimwe kila wiki kwa utepe wa fundi cherehani, na vipimo viandikwe. Wanafunzi wanaweza kuchora grafu yake. Kati ya ukanda na shingo, kidole kimoja cha mtu mzima kipite bila kulazimishwa.

Lakini hata ukanda uliopimwa vizuri una tatizo la pili, nalo ni la fizikia. Tukumbuke kwamba kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Tuchukue kilebu wa kilo 2 anayevuta kamba kwa kani ya nyutoni 20, yaani sawa na uzito wake mwenyewe. Ukanda wenye upana wa sentimita 1, ukigusa sentimita 5 za mbele ya shingo, huleta kanieneo ya kilopaskali 40. Kamba ya katani ya milimita 4 itafikisha kilopaskali 100, karibu sawa na kanieneo ya angahewa. Damu katika ateri za mbwa mwenye afya haisukumwi kwa zaidi ya kilopaskali 20 hivi. Mikanda ya kifua yenye upana wa sentimita 2, ikigusa sentimita 12 za kidari, huleta kilopaskali 8 na kidogo tu, tena juu ya mfupa na misuli.

Chini ya ukanda wa shingo limo bomba la pumzi. Limeshikiliwa na pete za gegedu zisizofungika kwa nyuma, mfano wa herufi C. Katika mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier, Chihuahua na Pomeranian, gegedu hizo huweza kulegea na bomba likabonyea. Mbwa hukohoa kwa mlio kama wa bata bukini. Ukanda si chanzo cha ugonjwa huo, lakini huuchochea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha pia kwamba kuvuta kwa ukanda wa shingo hupandisha kanieneo ndani ya jicho, ilhali mikanda ya kifua haikufanya hivyo. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walijaribu aina kadhaa za kanda juu ya shingo ya kuigiza, wakapata kilopaskali 83 hadi 832. Hawakupata hata aina moja ambayo ingeondoa hatari ya kuumiza mbwa anayevuta.

Uamuzi wangu ni huu: ukanda wa shingo ubebe kibati cha jina, na kamba ifungwe kwenye mikanda ya kifua. Ichaguliwe ile yenye umbo la herufi Y kifuani, isiyokatiza mbele ya mabega, yenye bizimu za kurekebisha shingoni na kifuani pia. Majina ya madukani, kama vile “ndogo” au “ya kati”, hayana maana ya kipimo. Afadhali uende na utepe wako. Fundi cherehani wa mtaani aweza kushona mikanda hiyo kwa utepe mpana wa pamba, nayo ni nyepesi kuliko mingi inayouzwa.

Hata hivyo mikanda ya kifua nayo huchubua kwapa. Ipite nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele, ikaguliwe kila inapovuliwa, na ivuliwe kilebu anapolala. Kati ya miezi 4 na 6 meno yake yanabadilika, naye atatafuna chochote kilichoachwa mwilini mwake, bizimu ya plastiki ikiwamo.