Ruhusa, Kundi na Menyu: Istilahi za Mamlaka katika Programu za Biashara

Huenda mada hii ikaonekana ngeni miongoni mwa mihadhara ya Kiswahili, ambayo aghalabu hujadili fasihi, isimu na historia ya lugha. Hata hivyo, istilahi za kompyuta zimekuwa sehemu ya taaluma yetu kwa muda sasa. Itakumbukwa kwamba mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi ya wakati ule ilihusu programu ambayo mtu mmoja huitumia mezani kwake, kuandika barua au kujaza jedwali. Programu ya biashara ni jambo jingine. Humo watu wengi hushughulikia kumbukumbu zilezile kwa wakati mmoja, na neno lililofasiriwa vibaya halimkanganyi msomaji tu, bali laweza kumpa karani mamlaka ambayo mwajiri wake hakukusudia kumpa.

Tutatumia mfano wa Odoo, programu iliyoanzia Ubelgiji mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, ikaitwa baadaye OpenERP, na kupata jina lake la sasa mwaka 2014. Tumeichagua kwa sababu toleo lake la jumuiya lina msimbo ulio wazi, hivyo kila tutakalolieleza laweza kuhakikiwa na yeyote anayetaka.

Tuanze na menyu. Vipengele vya menyu hupangwa mfano wa mti: juu kuna mafungu makuu, kama vile Mauzo, Ghala na Uhasibu, chini ya kila fungu kuna vipengele vidogo vinavyofungua orodha au fomu. Msimamizi wa programu anaweza kukifunganisha kipengele na kundi moja la watumiaji au zaidi, na mtumiaji hukiona iwapo yumo katika lolote mojawapo ya makundi hayo. Kipengele kisichofunganishwa na kundi lolote huonekana kwa kila mtu, mradi awe na ruhusa ya kusoma kumbukumbu zinazofunguliwa nacho. Fungu ambalo vipengele vyake vyote vimefichika hutoweka lenyewe. Ndiyo maana mtumiaji mpya hulalamika kwamba Uhasibu “umepotea”, ilhali programu haina hitilafu yoyote.

Kwa kuwa fungu hutoweka machoni, wengi huamini kwamba kuficha ni kukataza. Sivyo. Menyu ni mlango mmoja tu wa kuingilia. Mtumiaji aliyefichwa orodha ya ankara anaweza bado kuzikuta akifungua fomu ya mteja, akifuata kiungo alichotumiwa na mwenzake, au akitumia programu nyingine inayozungumza na seva moja kwa moja. Iwapo ruhusa yenyewe haijaondolewa, ankara zitafunguka. Tuna dhana mbili, basi, kuonekana na kuruhusiwa, na mfasiri anayezitaja zote mbili kwa neno moja, tuseme “ufikiaji”, huwa amezificha tofauti zake. Hatulipingi neno hilo kwa ujumla wake, lakini hapa halifai: mtu anaweza kufikia mlango asiruhusiwe kuingia, na anaweza pia kuruhusiwa kuingia asiujue mlango ulipo.

Ruhusa zenyewe huandikwa katika jedwali. Kila mstari hutaja aina moja ya kumbukumbu na kundi moja, kisha huweka 1 au 0 kwa vitenzi vinne, ambavyo tukivifasiri neno kwa neno ni kusoma, kuandika, kuunda na kufuta. Kitenzi cha pili ndicho chenye mtego. Katika Kiswahili, kuandika ni kitenzi chenye kazi nyingi: huandikwa barua, huandikwa meza, huandikwa mfanyakazi mpya. Karani wa mapokezi anayeambiwa “aandike wateja” huelewa kwamba awaingize wapya kwenye orodha. Katika programu, kitenzi hicho maana yake ni kubadili kumbukumbu iliyokwisha kuwapo. Ya kuingiza mpya ni kuunda. Msimamizi anayeweka 1 kwenye kuandika pekee, akidhani amemwezesha karani kusajili wateja, atakuwa amempa uwezo wa kubadili anwani na namba za simu za wateja wa zamani, huku akimnyima kazi aliyoajiriwa kuifanya. Pendekezo letu ni kwamba hapa neno kuandika liachwe, na mahali pake pawekwe kubadili.

Ukanushi nao una mambo yake. Tukisema “Asha hana ruhusa ya kufuta”, sentensi hiyo yabeba maana mbili: ama hajaruhusiwa, ama amekatazwa. Katika jedwali tulilolieleza, 0 ni ya maana ya kwanza tu. Asha akiingizwa katika kundi jingine lenye 1, atafuta, kwa sababu ruhusa hujumlishwa na 0 haina nguvu ya kuzuia. Katika faili za Windows hali ni tofauti: humo ipo alama mahususi ya kukataza, na ikiwekwa moja kwa moja juu ya faili huishinda ruhusa iliyowekwa vivyo hivyo. Kiswahili kina bahati ya kuwa na kiambishi -ja-, ambacho hueleza jambo lisilotendeka hadi sasa lakini linaloweza kutendeka. “Hajaruhusiwa” yaeleza hasa maana ya 0 ya Odoo. Inashangaza kwamba wafasiri hukimbilia “hana ruhusa” wakati sarufi yetu imewapa chombo kilicho bora zaidi.

Baada ya jedwali huja kanuni za kumbukumbu, ambazo huamua ni zipi hasa kati ya kumbukumbu za aina moja mtu azione: muuzaji aone oda zake tu, kwa mfano, au aone za wote. Kanuni zisizo na kundi humbana kila mtu, na hutumika zote kwa pamoja. Kanuni za makundi huunganishwa kwa “au”. Muuzaji aliye katika kundi la “oda zangu” na kundi la “oda zote” huona oda zote. Lakini sisi husema yumo katika kundi hili na lile, na kiunganishi “na” hutupa picha ya masharti mawili yanayombana mtu kwa pamoja. Msimamizi anayemwongeza mtu katika kundi la pili ili ambane zaidi, kwa kweli humfungulia zaidi. Zingatia pia kwamba kundi laweza kulirithi jingine: anayepewa kundi la msimamizi wa mauzo huyapata papo hapo makundi ya chini yake.

Msingi wa mambo haya si mpya. Saltzer na Schroeder walieleza mwaka 1975 kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazohitajika kwa kazi yake. Ferraiolo na Kuhn, mwaka 1992, walitetea ruhusa zifungamanishwe na dhima badala ya mtu. Twasema dhima, wala si cheo, kwa makusudi. Kundi likiitwa “Meneja”, kila meneja atadai kuwamo, na si rahisi kwa kijana wa idara ya kompyuta kumweleza mkurugenzi kwamba anayeidhinisha malipo hafai kuwa ndiye anayesajili wanaolipwa. Kundi likiitwa “Uidhinishaji wa malipo”, mjadala hupungua ukali. Aidha, tangu Kenya ilipotunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, orodha ya mishahara inayosomwa na asiyehusika si aibu ya ofisi tu, bali ni suala la kisheria.

Kwa mfasiri na msimamizi, jaribio ni lilelile. Fungua akaunti ya majaribio kwa kila kundi, uingie kwayo, uangalie kwanza kinachoonekana katika menyu. Kisha iache menyu: fuata viungo, tafuta katika fomu nyingine, jaribu kubadili kumbukumbu ya zamani, jaribu kuunda mpya, jaribu kufuta. Palipo na tofauti kati ya jina la ruhusa kwa Kiswahili na kilichotendeka, andika pembeni kitenzi ambacho mtumiaji wa kawaida angekitumia kulitaja tendo hilo.