Pampu Inayotuma SMS, na Pesa Zinazopita Hewani

Ukituma pesa ukiwa Kwa Vonza, pale karibu na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, simu yako inaongea na mnara kwa mawimbi ya redio. Kwenye mtandao wa GSM wa megahezi 900, wimbi hutikisika mara milioni 900 kwa sekunde. Hata mulika mwizi inaiweza kazi hiyo.

Sasa, hapa hapa Kitui kuna pampu za maji zilizopewa uwezo kama huo. Kule Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwemo Rob Hope na Patrick Thomson, walifunga kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu za mkono. Sensa yake ilihisi mpini ukipanda na kushuka, ikahesabu, na kifaa kikatuma hesabu kwa SMS. Pampu ikinyamaza ghafla, fundi anashtuka mapema.

Awali pampu ikiharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Kwenye jaribio zikashuka hadi chini ya siku 3. Kama umewahi kuchota maji kwenye mchanga wa mto mkavu mwezi wa Septemba, unajua tofauti hiyo ni nini.

Baadaye mhandisi David Clifton, pia wa Oxford, na wenzake walionyesha huko Kwale kwamba mtikisiko wa mpini unaweza kukadiria hata kina cha maji ardhini. Hiyo imetufurahisha sana!

Lakini spea hazinunuliwi kwa SMS. FundiFix, kampuni iliyotokana na utafiti huu, hutunza pampu kwa ada ya kila mwezi. Kwa hivyo, wanakamati wa maji, michango isiingie kwenye laini ya mweka hazina. Fungueni namba ya kikundi, ili kila mwanachama abaki na ujumbe wake wa malipo. Someni jina kabla ya kukamilisha malipo. Na mtu akikuonyesha SMS kwamba amelipa, angalia salio kwanza.

Je, mtandao ukipotea katikati ya kutuma? Usirudie haraka. Huenda ombi lako lilishafika mnarani, na jibu ndilo halijarudi. Subiri kidogo, angalia salio na taarifa ya akaunti, halafu ndiyo uamue.