Shahidi Mafichoni na Adui wa Ndani

Ndugu askari, wengi wetu tumeitazama filamu ya Kimarekani iitwayo "Eraser", ya mwaka 1996, tukamshangilia Arnold Schwarzenegger akiruka kutoka ndegeni. Kishindo hicho ni pambo tu. Kiini chake ni mwanamke aliyefichua kwamba kampuni yake inauza silaha kwa magendo, akahitaji kufichwa. Na anayemsaka ni nani? Ni afisa wa idara ile ile inayomlinda, tena aliyemfundisha kazi mlinzi wake.

Hapo ndipo mchezo huo unapotugusa sisi wa Mbarara. Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958, yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na wamo waliowakimbia watu wanaowajua kwa sura na kwa jina. Neno moja la askari mlevi baani laweza kumfikia anayewatafuta.

Tena mwaka 2018, baada ya madai ya majina hewa, uhakiki uliishusha idadi ya wakimbizi nchini Uganda kutoka takriban milioni 1.4 hadi milioni 1.1. Madai kama hayo hayajitokezi yenyewe. Yupo anayethubutu kunena.

Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010 inawataja polisi miongoni mwa wapokeaji wa taarifa, na kumfichua mtoa taarifa ni kosa la jinai. Basi ajapo mtu kituoni usiku akinong'ona, konstebo wa zamu asimwulize jina mbele ya waliokaa barazani. Ampeleke chumba cha ndani, afunge mlango.