Kompyuta moja, vifaa vingi: linda flashi yako steshenari

Msikilizaji, ukiingia steshenari nyingi za Kasulu au Kibondo utakuta kompyuta moja imebeba kazi zote: printa, skana, modemu, kipanya, simu inayowekewa nyimbo na flashi ya mteja. Matundu yakiisha, inachomekwa habu ya USB, kile kidude kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Je, kuna hatari?

Kwa utaratibu wa USB, kompyuta inaweza kutambua hadi vifaa 127. Shida si wingi wa vifaa, ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la bluu, miliampia 900. Habu isiyo na chaja yake haiongezi umeme, inaugawa tu. Ni kama bomba moja la kijiji kufungwa mipira minne: maji ni yale yale, na kila ndoo inajaa polepole.

Printa haina neno, kwa sababu ina waya wake wa ukutani. Kibodi na kipanya hutumia umeme kidogo. Wanaokula umeme mwingi ni simu inayochaji na diski ya nje, hasa inapoanza kuzunguka. Umeme usipotosha, kifaa hukatika na kurudi, na kompyuta hulia kila mara. Kama wakati huo flashi yako ilikuwa inaandikiwa faili, faili hilo linaweza kubaki nusu au lisifunguke kabisa. TANESCO wakikata umeme katikati ya kazi, matokeo huwa hayo hayo.

Hasara yake si ndogo. Mwanafunzi anayeomba mkopo HESLB hutuma nyaraka zake kwa mtandao. Faili likiharibika siku ya mwisho, kurudi kijijini kufuata karatasi upya ni nauli na muda ambao hana.

Kwa mwenye steshenari, tunashauri haya:

- Chomeka diski ya nje na flashi ya mteja moja kwa moja kwenye kompyuta. Habu iachie kipanya, kibodi na printa.
- Simu za kuchaji zipeleke kwenye soketi ya ukutani.
- Ukinunua habu, chagua yenye chaja yake.

Kwa mteja:

- Usichomoe flashi hadi mhudumu aiondoe kwanza kwenye kompyuta na ujumbe wa usalama utokee.
- Kabla ya kulipa, omba faili lifunguliwe ulione.
- Jitumie nakala kwa WhatsApp au barua pepe, ili isibaki kwenye flashi peke yake.
- Kompyuta ikikuambia flashi ifomatiwe, kataa. Kufomati hufuta vilivyomo. Ipeleke kwanza kwa fundi ajaribu kuokoa mafaili.