Somo Naye Ana Mwili Wake

Arusi ya Lamu ina kazi nyingi ambazo wanaume hawazioni. Mwari hukaa ndani siku kadhaa akisingwa kwa liwa, akipakwa hina mikono na miguu, nguo na nywele zikifukizwa udi hadi harufu imkae. Anayemsimamia ni somo. Mama hapewi kazi hiyo: ana haya na mwanawe, na mwana ana haya naye. Yasiyosemeka huachiwa mwanamke mwingine, aliyeolewa akazaa, asiyeona taabu kukitaja kila kiungo kwa jina lake. Ndiye anayemfunda mwari kuoga janaba, kujitahirisha baada ya hedhi, kumpokea mume, na kuyaacha ya chumbani chumbani.

Sasa mtazame somo mwenyewe. Aghalabu ni mtu mzima, ana wana wakubwa, pengine na wajukuu. Wanaoshika pembe za vugo, ngoma ya wanawake, usiku wa arusi ni wa rika lake, na wakichangamka, nyimbo zao zingemtimua mvulana mbio. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa inadhaniwa kwao hayo ni kumbukumbu tu. Wanaofundisha raha ndio wanaohesabiwa kuwa wamekwisha kuimaliza, na sijui mila nyingine ya pwani inayojikanganya namna hii bila kucheka.

Jambo hili ni la zamani. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wake mashuhuri mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alifariki karibu na mwaka 1860. Wengi wameusoma utendi ule kama sheria ya utiifu wa mke, wengine wakaona humo kejeli iliyofichwa. Mimi hunivuta umri wa mtunzi, aliyekuwa akikaribia miaka hamsini. Mafunzo ya kujipamba, kunukia na kumkanda mume yote yamwendea binti. Ya ndoa yake mama anayagusa kwa upole, jinsi walivyokaa kwa furaha na mumewe. Lakini mwili wake wa wakati ule, wa mjane mtu mzima, wajitokeza kwa maradhi tu.

Dini haikumfunga mdomo mwanamke mtu mzima. Suratul Talaq yampangia aliyeachwa akiwa amekoma hedhi edda ya miezi mitatu, hukumu inayodokeza kuwa mwanamke wa umri huo naye hutarajiwa kuolewa tena. Bi Khadija, kwa mapokezi yaliyo mashuhuri, alikuwa na miaka 40 alipoolewa na Mtume, naye Mtume ana 25. Na katika fiqhi ya Kishafii inayofuatwa pwani, bikira akinyamaza huhesabiwa ameridhika, ila aliyekwisha kuolewa ni lazima atamke. Hata desturi yakubali: ndoa ya kwanza huwa ya wazee, ya pili huwa ya mwanamke mwenyewe, na wapo wajane na walioachwa wanaoolewa kimyakimya, majirani wakaja kujua baadaye.

Tatizo liko kwenye maarifa. Hedhi hukoma kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Homoni ya estrojeni hushuka. Ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu, tendo likauma, na mkojo nao wengine ukawachoma. Dawa anayoijua mwanamke ni ile ya siku zote: ajifukize, ajisafishe kwa sabuni ya manukato, na wapo wanaotumia shabu ili wakaze. Shabu hukausha kilichokwisha kukauka. Angepata nafuu kwa mafuta maalumu ya kulainisha ya duka la dawa, au kwa krimu ya estrojeni akiandikiwa na daktari, lakini lazima kwanza amwambie mtu.

Hapo ndipo anapokwama. Mwanamke wa Kizingitini hupanda mashua hadi Lamu mjini, aingie hospitali ya King Fahd, akutane na kijana wa kiume aliyevaa koti jeupe, aseme, "Mwanangu, tumbo laniuma." Tumbo ni neno la adabu, ila halimfikishi daktari panapouma. Na kuna la kutisha zaidi. Damu ikitoka baada ya mwaka mzima wa kukoma, usikubali kuambiwa hedhi imerudi. Huenda ni jambo dogo, huenda ni saratani ya kizazi au ya mlango wake. Hospitali, na upesi.

Na mume? Sukari na presha humpunguzia nguvu, naye kwa aibu huhamia kulala ukumbi wa nje na kusingizia joto. Mke akalala akiamini hatakiwi tena. Katika mafunzo yote ya arusi sijaona mahali mwanamume wa miaka 55 anapofundwa jambo.

Wapo wanaosema dawa ni kumrudia somo. Nakubaliana nao nusu. Uhusiano wa somo na mwari wake kweli ni wa maisha, na hakuna faragha inayoizidi ile. Lakini hesabu inakataa: aliyekufunda ukiwa na miaka ishirini, naye ana arubaini na tano, ukifika hamsini yeye ana sabini na tano, au yuko kaburini. Na desturi haimpi mtu somo wa pili. Hata mjane anayeolewa upya huingia chumbani peke yake, watu wakisema huyo hafundwi, anajua. Anachokijua ni mwili aliokuwa nao zamani. Wenzake wa rika wanayo majibu kwa vipande vipande, huyu alimwona daktari Mombasa, yule alipewa krimu Malindi, na huambiana kwa kunong'ona arusini, pembe za vugo zikilia.